Nyumba Iliyo Kushoto mwa Shimo la Kwanza

Wetherby, Massachusetts, 1899

Mei 4
Siku naondoka, mke wangu Elspet alinishika kola ya koti akaniambia, "Dod, mdomo wako ndio utakaotufukuzisha Amerika kabla hata mimi sijafika. Ukiona uchafu, uandike. Usiuseme." Basi naandika, na nina wasiwasi karatasi hazitatosha.

Uchafu wa leo. Klabu ya gofu nitakayofundisha ni jengo jeupe lenye nguzo mbele kama kanisa, na ndani moshi wa sigara kama mahali pale ambapo kanisa hututisha napo. Mlango wa mbele si wangu. Nimeonyeshwa wa jikoni. Uwanja wenyewe mpaka miaka michache iliyopita ulikuwa wa ng'ombe, na kwa ninavyoona walikuwa wanajua zaidi namna ya kuutumia. Mashimo tisa, huchezwa mara mbili. Kulia kwa shimo la mwisho pana bwawa la maji ya kijani. Kushoto mwa shimo la kwanza pana nyumba ndogo ya mbao, vyumba viwili, mlango wa bluu. Dirisha lake linalotazama uwanja limegongomewa mbao, kwa sababu kila mpira unaopinda kushoto unaishia pale.

Nyumba hiyo ndiyo sababu ya mimi kuwa hapa. Mwenyekiti, Bwana Thorndike, wakili wa kampuni za reli, amesema nikimaliza msimu bila mwanachama kunilalamikia nitapewa mkataba wa mwaka wa pili na nyumba juu yake. Elspet bado yuko ng'ambo, kijijini kwetu Earlsferry, kwa mama yangu, ambako majani ya chai hutumika mpaka yasahau kwamba yalikuwa chai. Amesema hatavuka bahari kuja kulala juu ya duka la mtu. Atakuja kwenye mlango wake mwenyewe. Mlango usipopatikana kabla ya theluji, nirudi nyumbani, nikawabebee watu fimbo zao kama nilipokuwa na miaka kumi.

Mei 5
Mvua.

Mei 6
Mvua. Nimechemsha utomvu na kufinyanga mipira ya gofu. Kibanda changu cha kazi kinanuka kama kiatu kilichokufa.

Mei 9
Somo la kwanza la Bwana Thorndike. Ni mrefu, ana masharubu yaliyopakwa mafuta, na anaipiga gofu kama mtu anayefukuza kuku shambani. Nikamwambia hivyo hivyo. Kwetu Earlsferry ndivyo tunavyofundisha: baba yangu aliwahi kumwambia jaji wa mahakama kuu kwamba anashika fimbo kama mjane anayekamua mbuzi, na jaji akarudi kesho yake na keshokutwa. Mwalimu akianza kukusifu, ujue amekukatia tamaa, au kuna kitu anakitaka kwako.

Bwana Thorndike aliweka fimbo chini taratibu. "Mearns," akasema, "hapa mimi huambiwa 'vizuri'."

Akapiga. Mpira ukaenda kushoto ukagonga nyumba ya Elspet.

Nikasema, "Vizuri, bwana."

Akapiga tena. Nyumba ya Elspet. Nikasema vizuri tena. Nilihisi kama nimekula sabuni.

Mei 14, Jumapili
Wanacheza Jumapili. Wametoka kanisani na nguo zile zile, hawakuona haya hata ya kubadilisha kofia. Mimi sikutoka kibandani. Nilifunga mlango nikakaa na Biblia, lakini milio ya fimbo haizuiliwi na mlango. Kwa mlio tu unajua nani amekosea. Nikajikuta badala ya kusoma nawasahihisha kimoyomoyo. Sijui dhambi hiyo ni ya kwao au ya kwangu.

Mei 23
Nakula jikoni, kwa Delia Hannigan, mpishi. Ni Mwairishi wa Cork, mjane, mabega mapana, na kila mtu anamwogopa isipokuwa paka. Ananiita Mtakatifu kwa sababu ya Jumapili. Mimi huilalamikia supu yake kila siku. Yeye hunijibu kwamba kwetu tunakula shayiri kama farasi, halafu tunashangaa kwa nini sura zetu ndefu. Tunaelewana sana.

Leo kanieleza kituko cha klabu hii. Waanzilishi ni wawili, Bwana Thorndike na shemeji yake, Bwana Augustus Pell, mwenye kiwanda cha viatu. Hawakukubaliana nani awe mwenyekiti, wakapatana wauchezee. Kila Jumamosi ya kwanza ya Oktoba hupambana wao wawili, na mshindi hukalia kiti mwaka mzima. Pell hajawahi kushinda.

"Sasa kwa nini haachi?" nikauliza.

"Umewahi kumwona Thorndike akishinda?" akasema Delia. "Ungekuwa shemeji yake, na wewe usingeacha."

Juni 2
Bwana Pell amekuja kwa somo lake la kwanza. Mnene, mfupi, anamung'unya peremende, na anazungumza na mpira kabla ya kuupiga. Anaubembeleza. Halafu anaupiga kwa nguvu zote, nao unaanza vizuri, unafikiri, unapinda kulia, unaingia bwawani. Wote. Katika maisha yangu sijawahi kuona mtu mwenye uaminifu wa namna hiyo katika kosa.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema "vizuri" aliponizuia. Akasema amesikia kwamba kwetu mwanafunzi hutukanwa, na kwamba yeye analipia somo kamili, si nusu.

Nikamwambia anageuza mwili kama pipa linaloteremka ngazi.

"Sawa," akasema. "Endelea."

Nikaendelea mpaka saa ya chakula. Alifurahi sana. Mpumbavu.

Juni 20
Joto. Mbu. Thorndike: vizuri, vizuri, vizuri.

Julai 4
Fataki. Wamechoma nyasi za shimo la sita kwa ajili ya uhuru wao. Kesho nitaambiwa nizioteshe.

Julai 15
Barua ya Elspet. Mama ameanza kumfundisha namna ya kukunja mashuka. Elspet amekuwa akikunja mashuka tangu ana miaka saba, na kwa mikunjo ya maandishi yake naona hasira. Anauliza mlango wa nyumba ni wa rangi gani. Nimemjibu bluu. Sikumwambia kuhusu dirisha.

Julai 29
Mwanachama mmoja, mwenye benki, amesukuma kwa kiatu mpira wake uliozama kwenye nyasi ukakaa sawa, kisha akanitazama kama mtu anayemtazama ng'ombe aliyemkuta chooni. Nilitazama mawingu. Mwezi Mei ningesema kitu. Nimejifunza kutazama mawingu vizuri sana.

Bwana Pell, kwa upande wake, leo amehesabu hata pigo alilokosa mpira kabisa, ingawa hakukuwa na mtu karibu ila mimi na kunguru. Sijui anataka kumwonyesha nani. Pengine kunguru.

Agosti 12
Ukame. Nyasi zimekuwa rangi ya kamba. Thorndike anapiga vibaya kuliko Mei, maana nimemwambia vizuri miezi mitatu na ameniamini.

Agosti 17
Hii ni lazima niiandike yote.

Bwana Thorndike alikuja kibandani, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alikaa kwenye benchi langu, juu ya vumbi la mbao, na suruali nyeupe. Alizisifu fimbo nilizotengeneza. Aliuliza habari za mke wangu, na jina lake alilikumbuka. Kisha akauliza shemeji yake anaendeleaje.

Nikasema anaendelea kuingia bwawani.

Akacheka, akasema hata hivyo amemwona ameanza kuinyoosha miguu, na kwamba mzee yule akibahatika siku moja tu, klabu itaharibika, maana atawaruhusu wanawake kucheza Jumamosi na ataifungua bustani ya klabu kwa wafanyakazi wa kiwanda chake. Akapangusa vumbi gotini.

"Mwalimu anaweza kumnyoosha mtu," akasema. "Nadhani anaweza pia kumpinda, na mtu asijue."

Nikachukua fimbo nikaanza kuisugua.

"Nimemwagiza fundi aje aiangalie ile nyumba kabla ya majira ya baridi," akasema. "Sijui nimwambie aje au asije. Wewe unaonaje, Mearns?"

Alisema hivyo tu, akaondoka, na umbo la makalio yake likabaki kwenye vumbi la benchi langu. Nilifagia. Nikafagia tena.

Agosti 18
Sikulala vizuri. Joto.

Agosti 19
Nimelifanya.

Kwa asiyejua kazi hii: mtu hushika fimbo kwa mikono miwili, na mkono wa kulia hukaa juu ya mpini, kiganja kikitazama kule unakotaka mpira uende. Hiyo kwetu si ushauri, ni dini. Nikiwa mtoto, kila mkono wangu wa kulia ulipoteleza ukaingia chini ya mpini, baba alinigonga kifundo kwa ufunguo wa kibanda. Vijana wawili wa Earlsferry walianza kushika hivyo, mkono chini, na mpaka leo wanavua samaki. Hakuna sumu nzuri kuliko hiyo: haionekani, haina maumivu, na mtu mwenyewe huona raha mkononi.

Bwana Pell alikuja saa yake, na peremende zake. Nikamwambia, "Bwana Pell, bwana mpendwa, leo nina jambo dogo la kukusaidia." Nikauchukua mkono wake wa kulia, mkono laini, una kovu la kisu cha ngozi kwenye kidole gumba, nikauteremsha chini ya mpini. Nilimwuliza kama anajisikia vizuri. Akasema vizuri kabisa. Nikamshukuru.

Mapigo ya kwanza yalitambaa chini kama panya. Nikamwambia asiwe na haraka, azoee, nitamwacha na hilo wiki mbili bila kumsumbua.

Jikoni, Delia aliniwekea bakuli akasimama na mikono kiunoni mpaka nilipomaliza.

"Leo hujaitukana supu," akasema. "Umemwua nani?"

Agosti 26
Fundi amekuja kuangalia nyumba. Amepima mlango. Nimemwandikia Elspet. Barua ilikuwa fupi kwa sababu kila sentensi iliniangalia.

Septemba 3, Jumapili
Nilikuwa kibandani na mlango umefungwa. Nikasikia mlio nisioujua. Safi, mkavu, kama kokwa linapopasuka. Nikadhani kuna mgeni. Nikasikia tena. Nikavunja sheria yangu, nikafungua mlango kidogo.

Alikuwa Pell, peke yake kwenye shimo la mwisho. Akabembeleza mpira, akapiga kwa nguvu zake zile zile za pipa linaloteremka ngazi. Mpira ukaenda moja kwa moja. Ukapita bwawa kwa kiburi. Haukupinda.

Nilifunga mlango nikakaa. Ilinichukua muda mrefu kuelewa, mimi niliyefundisha watu tangu sina ndevu. Yule mzee amepinda kulia miaka yake yote. Mkono wa chini humpinda mtu kushoto. Mpindo mmoja ukaufuta mwingine. Kwetu hatujawahi kuliona hilo kwa sababu kwetu hakuna mtu wa hivyo. Watoto wetu hushikishwa fimbo kabla hawajapata nafasi ya kuharibika. Tuliwaona waliokuwa wamenyooka wakipinda kwa mkono ule, tukaandika amri. Hakuna aliyewahi kumpa mshiko huo mtu aliyekwisha kupinda upande wa pili.

Nilimpa mtu sumu, naye amepona. Hata uovu nimeshindwa kuufanya sawasawa.

Septemba 9
Pell anapiga vizuri. Wanachama wanatoka barazani na glasi zao kumtazama. Anawaambia wote ni kazi ya Mearns. Kila anapolitaja jina langu natamani ardhi ya Massachusetts, ambayo ni ngumu sana mwaka huu, ifunguke.

Septemba 12
Thorndike kibandani. Hakukaa.

"Umemfanya nini?"

"Ulichoniagiza."

"Basi ulichofanya kitengue," akasema. "Una wiki tatu."

Hapo ndipo shetani mwenyewe angevua kofia. Maana ili kumharibu Pell sasa natakiwa kumrudisha kwenye mshiko wa baba yangu, mshiko halali, ulio safi. Nimfundishe ukweli wote wa Earlsferry, na atarudi bwawani siku hiyo hiyo. Wala hakuna atakayenilaumu. Ningeweza kufanya hivyo mbele ya klabu nzima, na baba yangu kaburini angetikisa kichwa kukubali.

Septemba 15
Mvua ya kwanza tangu Julai. Pell alikuja kwa somo akiwa na mwavuli. Alisimama mlangoni akaniuliza kama kuna la kubadilisha. Alinitazama muda mrefu kidogo kuliko swali lilivyohitaji.

Nilikuwa nimeshajiandaa. Nilikuwa na maneno. Nikaitazama mikono yake juu ya mpini wa mwavuli, ule wa kulia umeingia chini, mbaya, mbaya kama goti, na nikaona sitaweza. Si wema. Nimechoka tu kuonja sabuni.

Nikamwambia hakuna la kubadilisha, isipokuwa anasimama kama mtu anayesubiri kupakuliwa uji, na aache peremende akipiga, zinagonga meno na kunitoa akili.

Akacheka mpaka mwavuli ukatikisika.

Septemba 16
Fundi hajarudi.

Septemba 23
Fundi hajarudi. Elspet ameandika kwamba amekwisha kufunga sanduku moja. Sikumwambia alifungue.

Septemba 30
Majani yamekuwa mekundu na watu wa hapa wanatembea chini yake na midomo wazi kana kwamba wameyapaka wenyewe. Mimi nayafagia.

Oktoba 7, Jumamosi
Siku yao. Upepo baridi, jua bila joto. Thorndike aliamuru nimbebee fimbo, ili nionekane niko upande wake, au ili nimwone akinitazama. Nikambebea. Mkanda wa mfuko ulinikaa pale pale ulipokuwa ukinikaa utotoni.

Sitaandika kila pigo. Thorndike si mchezaji mbaya akiogopa, na leo aliogopa. Mzunguko wa kwanza alimtangulia shemeji yake mashimo mawili. Njia nzima nilikuwa watu wawili. Mmoja alitaka Thorndike ashinde, kwa sababu kiti ni chake, na nyumba iko kwenye kiti. Wa pili kila mpira wa Pell ulipopanda ukanyooka alisimama ndani yangu kama mtoto aliyeona meli. Nilimwambia akae. Hakukaa.

Mara ya pili kwenye shimo la nne, Thorndike aliingia kwenye nyasi ndefu. Alipoinama niliona kiatu kikisogea. Mpira ukakaa sawa. Akaniangalia.

Nilitazama mawingu. Naandika hivyo ili nisije nikajidai baadaye.

Walifika shimo la mwisho wakiwa sawa. Bwawa kulia. Watu wote walisimama kwenye baraza, na Delia alitoka jikoni na mwiko. Pell akauweka mpira, akaubembeleza. Kisha akauteremsha mkono wa kulia chini, polepole, kila mtu akiona. Minong'ono ikapita barazani. Nilifumba macho. Nilisikia kokwa likipasuka.

Nilipofumbua, mpira ulikuwa umelala katikati ya nyasi fupi kama yai.

Thorndike akapiga kwa hasira. Kushoto, juu ya paa la vibanda vya farasi. Hatukuuona tena.

Pell alimpa mkono shemeji yake, kisha akanijia mimi, na mbele ya nguzo zote nyeupe akasema mshiko huu amepewa na Mearns, na kwamba mwakani klabu nzima itajifunza. Walipiga makofi. Katika maisha yangu sijawahi kupigiwa makofi mengi hivyo, na yote ni kwa jambo bovu kuliko yote niliyofanya.

Oktoba 8, Jumapili
Sikufungua Biblia. Niliona itakuwa utani.

Oktoba 9
Nilikwenda kiwandani kwa Bwana Pell kumwambia. Nilitembea kwa miguu ili nipate muda wa kubadili nia, sikubadili. Ofisi yake inanuka ngozi na gundi, vizuri zaidi kuliko klabu.

Nilisimama. Nikamwambia niliuteremsha mkono wake ili kumharibu, kwamba niliahidiwa nyumba, na kwamba kupona kwake ni bahati yake, si ujuzi wangu. Sikumtaja aliyeniagiza. Hakuuliza.

Alikuwa akikagua kiatu cha mwanamke. Aliendelea kukikagua.

"Najua," akasema.

Nikamwuliza alijuaje.

"Miezi miwili umeniita pipa, gunia na ng'ombe mjamzito. Halafu Jumamosi moja nikawa bwana mpendwa, na ukazungumza huku ukitazama viatu vyangu. Mimi nauza viatu, Mearns. Anayevitazama huku anaongea, ama anataka kununua ama anadanganya. Na wewe viatu vyangu huviwezi."

"Kwa nini basi uliendelea kushika vile?"

"Wiki ya kwanza niliendelea ili nione utajisikiaje. Ya pili nikaona mpira unanyooka." Akakiweka kiatu mezani. "Tangu hapo nilikuwa nasubiri uje kuniondolea. Nilijua atakutuma. Siku ile ya mvua ulinipokea na uso wa mtu aliyekwisha kukubali. Halafu ukaniambia nasubiri uji."

Nikachukua kofia yangu niondoke.

"Nyumba utapata," akasema. "Fundi anakuja Alhamisi. Lakini siku nitakayosikia unaniita bwana mpendwa, nitakutupa bwawani kwa mikono yangu, ule wa kulia ukiwa chini."

Nilirudi kwa miguu. Nilitaka kufurahi na nikafurahi, lakini furaha yenyewe ilikuwa na unywele ndani yake, kama supu ya Delia. Nilipomwambia Delia hivyo alinipa ya pili.

Oktoba 12
Fundi. Ametoa mbao za dirisha, ameweka kioo. Nilimwambia si busara. Akasema mwenyekiti mpya ameagiza mwanga.

Novemba 16
Elspet amefika. Amekonda, ana kikohozi cha meli. Aliuangalia mlango wa bluu kwa muda mrefu, akapitisha kidole kwenye rangi, kisha akafungua mwenyewe, akaingia, akaufunga. Nilisubiri nje. Baadaye akafungua akasema, "Karibu kwangu." Nikaingia nikakaa kama mgeni. Tulikunywa chai iliyokuwa chai.

Novemba 18
Ardhi ina barafu nyembamba na klabu inafungwa wiki ijayo. Nilidhani sitamfundisha mtu tena mwaka huu. Bwana Thorndike akaja.

Alikuja kwa upole, kofia mkononi, kama mwanachama wa kawaida, ambavyo sasa ndivyo alivyo. Akasema hana kinyongo. Akasema anachotaka ni kitu kimoja tu, mshiko ule.

Nikamwambia hapana, haumfai. Nilimweleza yote, taratibu na waziwazi, kama ambavyo sijawahi kumweleza kitu tangu Mei: shemeji yake alikuwa anapinda kulia, mkono wa chini ukamrudisha katikati. Yeye anapinda kushoto tayari. Akiuteremsha mkono atakwenda kushoto mpaka Boston. Halafu, kwa kuwa sina tena sababu ya kula sabuni, nikamwambia kwamba anapiga kama mtu anayefukuza kuku, na kwamba nilipokuwa namwambia vizuri nilikuwa namdanganya msimu mzima.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akatabasamu.

"Mearns," akasema, "wewe ni mtu wa Pell. Ningekuwa wewe na mimi ningemficha Thorndike."

"Sikufichi. Utaharibika."

"Basi niharibu," akasema, akiweka mpira chini.

Ukweli wote niliokuwa nao ameupata bure, na ameutema. Nikauchukua mkono wake wa kulia, nikauweka chini. Sikumwita mpendwa.

Akapiga. Pigo lilikuwa zuri, lazima niseme. Hajawahi kupiga kwa nguvu vile. Mpira ulitoka chini, ukajikunja kushoto kama mbwa aliyeitwa, tukasikia kioo.

Mlango wa bluu ulifunguliwa. Elspet akatoka, aproni ina unga, mpira mkononi. Alivuka nyasi akasimama mbele yetu. Hakumtazama Thorndike usoni. Aliitazama mikono yake, ambayo bado ilikuwa kwenye mpini, na yeye ni binti wa Earlsferry, baba yake alikuwa akitengeneza fimbo.

"Dod," akasema, "na mkono uko chini. Wewe ndiye unayemfundisha huyu?"

Bwana Thorndike aliinua kofia, akasema anaamini kwa mazoezi atanyooka, akaomba mpira wake.

Nikamwambia Elspet ndiyo, ni mimi.

Alimpa mpira, akarudi ndani bila neno lingine. Tangu nimjue ni mara ya pili anakosa neno. Ya kwanza ilikuwa kwenye ndoa yetu.

Kabla giza halijaingia nilizitafuta zile mbao nyuma ya vibanda vya farasi nikazirudisha dirishani. Elspet alinishikia misumari. Nilipomaliza tukaingia, akawasha taa, akakaa akitazama upande uliozibwa. Akasema chumba ni kizuri, ila kina giza upande ule.

Nikamwambia upande ule hakuna cha kutazama.